Kuku Hasemi

Mandewa, Singida
9 Machi 2025

Mama mkwe wangu,

Shikamoo mama. Habari za Misigiri, za nyumbani na za kikundi chenu cha akina mama? Sikio lako linaendeleaje? Amosi aliniambia simu huisikii tena, unasikia mlio tu kama inzi aliyeingia kwenye chupa, ndiyo maana nimeona niandike. Alphonce wa lori la vitunguu ameahidi barua hii ataikabidhi mkononi mwako na si kwa mtu mwingine.

Sisi huku tunamshukuru Mungu. Amosi bado yuko Kilimatinde kwenye ujenzi, alikuja mara moja akalala siku mbili akarudi. Anakusalimia sana. Mumeo mdogo Simeoni ametimiza miezi minane, ana meno mawili ya chini na anamng'ata kila anayemchekea. Mafuta ya alizeti uliyotuma mwezi uliopita tuliyapokea, asante mama. Yalikuja wakati chupa ya zamani imebaki tone, nikaifunga nikaiweka juu ya kabati maana chupa yake nzuri.

Kilichonifanya nishike kalamu ni hiki. Mtoto ametoka vipele. Vilianza mgongoni, vikashuka miguuni, sasa viko mpaka mikononi. Ni vidogo, vyekundu, halafu ngozi inakauka na kupasuka, naye anajisugua ukutani kama ng'ombe mwenye kupe. Zahanati walisema ni harara, wakanipa poda. Haikusaidia. Niliporudi wakasema ni upele wa kuambukizana, wakatupa dawa ya kujipaka nyumba nzima. Tulijipaka, tukanuka, vipele vikabaki. Cha ajabu, palipo na nepi pasafi kabisa. Pale ambapo watoto wote huharibika, yeye ni laini kama siku aliyozaliwa.

Wewe umelea saba. Umewahi kuona kitu cha namna hii?

Wako mtiifu,
Evodia


Misigiri
24 Machi 2025

Mama Simeoni,

Marahaba mwanangu. Barua nimeipata, Alphonce kaja nayo akiwa ameikalia, imekunjamana kama uso wangu. Sisi tupo. Leonidas shemeji yako anahangaika na watoto wake, mkewe bado hajarudi kutoka kwao. Kikundi kinaendelea na mimi bado ndiye mwenyekiti, ingawa Theresia anakitamani kiti changu kama paka anavyotamani maziwa.

Huku mwaka umetushinda. Mvua ilikata tukiwa tumepanda nusu ya shamba, alizeti ikaota, ikafika kimo cha kidole, ikanyauka. Ya mwaka jana nayo tuliiuza yote mpaka ya mwisho. Juu ya hayo kideri kimepita bandani kwangu. Kuku wangu wote wamekufa kwa siku moja, na yule jogoo mwekundu, wameangukia nyuma ya jiko pale ninapomwaga maji. Cha kuudhi, kwa majirani hakufa hata kifaranga. Kideri nacho kinachagua nyumba. Viganja vyangu vinamenyeka, lakini huo ni uzee na jembe.

Pamoja na shida zote hizo, mume wangu mdogo hajakosa mafuta yake. Mtoto wa nyumba hii hapakwi mafuta ya duka. Baba yake alipakwa ya shamba letu, na marehemu babu yake ambaye amerithi jina lake alipakwa hayo hayo. Nilijua nitakapoyapata na nikayapata.

Sasa nije kwenye swali lako. Nimelea saba, na nakujibu kama mama. Mtoto anayeota vipele mwili mzima lakini kwenye matako akabaki safi, huyo haumwi ngozi. Watu wazima wana jina la jambo hilo, mimi sitaliandika kwenye karatasi. Ila ujue kwamba mtoto akiwa ziwani, mama hatembei. Baba yake yuko Kilimatinde, wewe uko mjini peke yako, na mji una mambo mengi. Jiulize mwenyewe.

Mafuta usiache. Ongeza. Mpake asubuhi, mchana na jioni, umsugue mpaka yaingie.

Msalimie Amosi akija.

Ni mimi mama yenu,
Elina


Mandewa
15 Aprili 2025

Mama,

Shikamoo. Poleni na ukame, poleni na kuku. Huku tuko salama. Amosi hajambo, kazi zimembana.

Neno uliloogopa kuliandika nitaliandika mimi, maana karatasi haina aibu. Ni kubemenda. Umeniambia kwamba nimetoka nje ya ndoa mtoto akiwa ananyonya, na kwamba vipele vya mwanangu ni dhambi yangu inayoonekana kwenye ngozi yake. Nimeisoma barua yako nikidhani nimekosea mstari. Nikairudia. Mama, mimi nilipoolewa ulinishika mikono yote miwili ukaniambia huna binti ila mimi. Mtu hamwandikii binti yake maneno kama yale kisha akamalizia kwa kutaja mafuta.

Nataka ujue ninavyoishi hapa mjini, kwa kuwa unasema una wasiwasi na mji. Asubuhi nafua. Mchana nauza maandazi barazani kwa Hajira, mwenye nyumba wetu, ambaye duka lake la vitenge liko mlango wa pili na macho yake yako mlangoni kwangu. Jioni naosha mtoto, nampaka, nambembeleza. Kama kuna saa ya kutembea naomba unionyeshe ilipo, niitumie kulala.

Nimefanya ulivyosema. Nimempaka mara tatu kwa siku. Amezidi. Sasa ngozi ya mgongo inatoa maji, na nguo zinagandia. Nilimpeleka hospitali, daktari akamgeuzageuza akasema kuna kitu kinagusa ngozi yake na ngozi inakikataa, nikitafute nyumbani. Nimetafuta. Nimebadilisha sabuni. Nimechemsha blanketi. Mbeleko mpya niliyopewa na Hajira nimeiweka pembeni, na paka wake nimemfukuza mpaka tumekosana naye siku mbili. Hakuna kilichobadilika. Nami mikono yangu imeanza kumenyeka kwa kufua.

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Kama unalo lingine la kunisaidia niandikie. Kama ni lile lile, bora ulimeze.

Evodia


Misigiri
3 Mei 2025

Evodia,

Nimepokea barua yako. Nyumbani ni wazima.

Mimi sikukutajia neno. Umelitaja mwenyewe, kwa wino wako, na lisemwalo lipo. Siku hizi nyie mkisoma mpaka kidato cha nne mnadhani mama mkwe ni mtu wa kujibizana naye. Mimi mama mkwe wangu aliniamuru nikae kwenye moshi wa jiko lake mwaka mzima na sikumwandikia barua.

Jambo lako nimelipeleka kwenye kikundi ili tuliombee. Usikunje uso. Jambo la mtoto haliwezi kuombewa bila kutajwa, kwa hiyo nimelitaja jinsi lilivyo, na akina mama wote wamelia. Tumekubaliana hivi. Mwisho wa mwezi huu nitakuja na Leonidas kumchukua Simeoni. Atakaa hapa kwangu mpaka apone, na kama ni kuachishwa ziwa ataachishwa. Nitamsugua kwa mikono yangu. Mafuta bado ninayo nusu dumu, na ili asikose kabla sijafika nimempa Alphonce chupa nyingine. Baba yake ameridhia.

Andaa nguo zake. Wasalimie wote hapo, Amosi akiwemo.

Elina


Mandewa
18 Mei 2025

Mama,

Shikamoo. Naandika salamu kwa kuwa nilifundishwa, na kwa mara hii usitafute kingine nyuma yake.

Juu umeandika kwamba baba yake ameridhia. Chini umeandika nimsalimie. Sasa Amosi yuko wapi, mama? Mimi nilikuficha, naomba unisikie: tangu mwisho wa Machi hajakanyaga hapa, simu yangu haipokei, na nilikuandikia kwamba kazi zimembana kwa sababu niliona aibu. Kumbe nilikuwa naona aibu mbele ya mtu anayempakulia ugali. Alphonce ameniambia. Amosi yuko kwako, anabeba magunia mashineni, na barua yangu ya Aprili ulimsomea kwa sauti akiwa amekaa jikoni. Mlinisikia wote wawili nikisema hajambo.

Hilo nimeliweka kando. Kuna kubwa zaidi, na nakuomba usome mpaka mwisho hata ukikasirika.

Kwa sababu ulisema niongeze, mafuta yaliisha mapema, karibu na mwisho wa Aprili. Nikawa sina la kumpaka ila yale mafuta ya mgando ya kopo ambayo nesi alinipa nimpake sehemu ya nepi. Nikampaka mwili mzima. Ngozi ikaanza kutulia. Maji yakakauka, wekundu ukafifia, akalala mchana kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu. Nilidhani ni maombi yenu, na kweli nilishukuru. Kisha Alphonce akaleta chupa yako. Nilimpaka, kwa kuwa mimi ni mjinga mwenye adabu. Kesho yake mtoto akawaka tena kama aliyemwagiwa pilipili.

Ndipo nikafikiria ile sehemu ya nepi. Siyo kwamba palibaki safi kwa sababu ya dhambi yangu. Palibaki safi kwa sababu ndipo mahali pekee mafuta yako hayakufika.

Sikutaka kukusingizia kama ulivyonisingizia. Nilishusha ile chupa ya zamani juu ya kabati, yenye tone la mafuta ya mwaka jana ambayo mtoto alikuwa akipakwa tangu kuzaliwa bila shida. Lile tone nikajipaka mkono wa kushoto. Mafuta yako mapya nikajipaka wa kulia, tena na tena kwa siku kadhaa. Mkono wa kushoto hauna kitu. Wa kulia umeota vipele vya Simeoni, vile vile, mpaka ninaandika kwa shida. Hajira ameona, na ni yeye aliyeniambia niandike leo leo.

Sasa nakuuliza. Uliniandikia mwenyewe kwamba alizeti ya mwaka huu ilinyauka ikiwa kimo cha kidole, na ya mwaka jana mliiuza yote. Mafuta haya yametoka alizeti ipi? Kuku wako walikufa nyuma ya jiko pale unapomwaga maji, na kwa majirani hakufa kifaranga. Ulikuwa umeosha nini? Viganja vyako vinamenyeka kama vyangu. Mimi nilisingizia kufua, wewe umesingizia jembe.

Krismasi tulipokuja niliziona chumbani kwako mbegu za alizeti za kupanda za kikundi, zilizopakwa dawa, nyekundu kama kucha za bibi harusi. Wenzako walikukabidhi zilizobaki uzitunze mpaka msimu ujao. Mama, ile dawa imewekwa ili mdudu akigusa afe. Unaweza kuosha rangi ikatoka, mbegu ikarudi nyeusi na milia yake, ukaianika, ukaipeleka mashineni na mwenye mashine asijue. Lakini rangi siyo dawa. Rangi ni ya kumwonya mtu tu.

Huyu ndiye mtoto uliyetaka kumleta kwenye hilo dumu, umsugue kwa mikono yako mpaka yaingie. Nguo zake sikuziandaa, na sitaziandaa. Usije. Ukija na Leonidas mtakuta mlango umefungwa na Hajira amekaa mbele yake, na Hajira si mtu wa kuondolewa mlangoni.

Na hata kama hunijibu lolote, mafuta hayo msipikie. Watoto wa Leonidas wanakula jikoni kwako.

Evodia


Misigiri
2 Juni 2025

Mama Simeoni,

Marahaba. Huku baridi imeanza, na upepo. Wote hawajambo. Watoto wa Leonidas walikuwa wanaumwa matumbo ila sasa wanacheza.

Hatuji. Leonidas ana kazi nyingi.

Niliziosha mara mbili na sabuni. Nataka ujue hivyo. Sikuzikamua kwa ulafi, mbegu zilikuwa zimekaa tu na panya wanaziangalia, na mjukuu wangu hana mafuta. Watu wazima tumeosha vitu vingi maishani na tukavila.

Mafuta yaliyobaki nimeyamwaga shimo la choo. Dumu nimelitoboa.

Amosi anakuja na lori la Alphonce. Nimemwambia anyoe ndevu kwanza. Anakuja na kuku jike mmoja, nimemnunua kwa jirani, ni mzima na mnene. Mpokee. Wewe umezaliwa huku na unajua kuku anayetoka kwa mkubwa kwenda kwa mdogo maana yake ni nini.

Elina


Mandewa
9 Juni 2025

Mama,

Shikamoo sijaiandika, na sijasahau.

Kuku nimempokea. Ni mnene kweli, nimemfunga mguu barazani na paka wa Hajira anamtazama kwa heshima. Amosi naye nimempokea, analala sebuleni. Aliponiona mkono alikaa chini akafunika uso. Nikamwambia asimwage machozi yake hapa, ayapeleke kule alikokula ugali akisikiliza mkewe akitukanwa. Ni mume wangu na nitamsamehe, lakini si wiki hii.

Simeoni anapona. Mgongo umebaki na madoa meusi, daktari amesema yatafutika. Nilimwambia chanzo, akauliza ni nani aliyeyanywa au kuyala. Nikasema sijui, bibi yake hajaandika. Maana hata hilo hukuniandikia, mama. Nimelisoma kwenye matumbo ya watoto wa Leonidas.

Maana ya kuku naijua. Baba yangu alipomkosea mdogo wake alipeleka kuku, wakala pamoja, yakaisha. Lakini baba yangu alikosea wawili wakiwa shambani, hakuna mtu wa tatu. Wewe ulisimama mbele ya kikundi kizima ukasema mke wa mwanao amembemenda mtoto. Ulisema kwa kinywa. Wakalia. Wakaenda nalo nyumbani, wakawapa waume zao, na juzi mtu wa Misigiri alikuja kununua kitenge kwa Hajira, akaniangalia kuanzia kichwani mpaka miguuni, akanunua maandazi kwa mwingine. Kuku wako hawezi kwenda kwenye kikundi chenu akasimama akasema Evodia hakutembea. Kuku hasemi.

Mimi sitaki kuku. Nataka yale maneno uyarudishe pale pale ulipoyamwaga, kwa kinywa kile kile, mbele ya masikio yale yale. Najua mbegu zilikuwa zao, na najua ukisema moja itabidi useme na la pili. Hilo ndilo lililokufanya unyamaze, si uzee. Ulikuwa tayari mimi nivuliwe jina ili wewe usiulizwe habari za magunia mawili ya mbegu.

Mpaka siku hiyo Simeoni haji Misigiri. Ukitaka kumwona njoo na njia hii hii ya Alphonce, ukae barazani, uondoke.

Evodia


Misigiri
30 Juni 2025

Evodia mwanangu,

Barua yako niliisoma nikirudi juu kutafuta salamu. Nikaigeuza karatasi nikidhani umeiandika nyuma. Miaka yote niliyoishi, hajapata kutokea mdogo aliyeniandikia bila hiyo. Nilikasirika, nikaichana. Halafu nikaokota vipande nikavipanga mezani, kwa sababu kuna mahali ulikuwa umeandika Simeoni anapona na nilitaka kupaona tena.

Jumamosi tulikuwa na kikao. Sitakupamba maneno. Nilisimama kabla ya maombi nikasema kwamba Evodia hakutembea. Nikasema nilikosea, nikalisema na neno lenyewe, lile nililokataa kuliandika. Theresia ndiye aliyeamka. Akauliza, kama si hilo, mtoto aliugua nini. Nikawaambia nilimpaka sumu. Akauliza sumu gani. Nikasema ile iliyokuwa kwenye mbegu.

Akauliza mbegu zetu ziko wapi.

Nikamwambia ziko mgongoni mwa mjukuu wangu.

Hakuna aliyelia safari hii. Kiti wamempa Theresia, na ninalima shamba la kikundi msimu ujao bila mgao. Ni haki yao. Waliponitoka wote alibaki mama Faith peke yake, yule tunayepakana naye shamba, akaniambia naye ana debe moja la mbegu kama zile ndani, alikuwa anangoja sabuni azioshe. Tulikwenda tukalifukia pamoja, tukachimba kirefu ili kuku wasiparue.

Sikuombi umlete. Nitakuja na Alphonce baada ya mavuno ya vitunguu, nitakaa barazani kama ulivyosema, na nikiambiwa niondoke nitaondoka. Kama nitaruhusiwa kumshika nitanawa kwanza. Amosi usimharakishe kumtoa sebuleni.

Yule kuku usimchinje. Akitaga, yai la kwanza mpe mume wangu. Na mpake mafuta ya duka.

Ukiniandikia tena uanze unavyotaka. Marahaba nimeiweka hapa, siku utakayoitaka utaikuta.

Mama yako,
Elina